Askofu Hannington na Wale Waliomwua

Kila tarehe 29 Oktoba Makanisa mengi ya Kianglikana humkumbuka Askofu James Hannington, na mawazo yetu huenda moja kwa moja Uganda, kwa kuwa huko ndiko alikouawa mwaka 1885. Ni haki iwe hivyo. Lakini sisi watu wa Tabora tuna sehemu yetu katika habari zake, na si wengi wetu tunaoijua.

Alizaliwa Sussex, Uingereza, tarehe 3 Septemba 1847. Utotoni alikuwa mtundu kupita kiasi. Siku moja alitengeneza baruti ili alipue kiota cha nyigu; ikamlipukia, akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto. Walimu wenzetu mtamtambua mtoto wa namna hii, na mtakumbuka kwamba si lazima aishie pabaya. Huyu aliishia kuwa kasisi. Kisha zikamfikia habari kwamba wamisionari wawili wa CMS, Smith na O'Neill, wameuawa Ukerewe mnamo Desemba 1877. Wengine waliposikia habari hizo waliogopa; yeye moyo wake ukavutwa kuja huku huku.

Mwaka 1882 alishuka Unguja, akavuka hadi Saadani, akaifuata njia ya misafara kupitia Mamboya na Mpwapwa mpaka Uyui, karibu na Tabora, ambako CMS walikuwa na kituo. Kiongozi wa msafara alikuwa Charles Stokes, ambaye tutamkuta tena. Hannington alifika Uyui mwezi Septemba, akashikwa na homa na kuhara damu hata wenzake wakakata tamaa. Ilipofika Oktoba walimtoa hapo akiwa amebebwa kwa machela. Alifika ng'ambo ya kusini ya Ziwa, lakini afya ilimshinda, akarudi kwao mwaka 1883.

Tunayakawilia mateso ya Uyui kwa sababu ndiyo yaliyoamua mengine. Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa Askofu, na mwaka 1885 akaja tena, lakini njia yetu hakuitaka. Aliona kwamba njia ya Umasaini kutoka Mombasa ni fupi na yenye afya zaidi. Hakujua kwamba Baganda walikuwa na imani ya zamani kuwa atakayeiteka nchi yao atatoka mashariki kwa kupitia Busoga. Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi huku pwani, na Kabaka Mwanga alikuwa kijana, hajatimiza hata mwaka mmoja na nusu katika kiti. Wamisionari waliokuwa Buganda walijaribu kumwonya Askofu, wasifanikiwe. Alikamatwa Busoga kwa chifu Luba, akafungwa siku nane katika kibanda kichafu huku ana homa, akisoma Zaburi na kuandika kitabu chake cha kila siku. Kitabu hicho kilipona. Yeye aliuawa kwa mikuki, umri wake miaka 38, na pamoja naye wapagazi wapata hamsini. Wanne tu waliokoka.

Nyuma, kwa Sundu, mahali tupaitapo leo Mumias, sehemu kubwa ya msafara ilikuwa ikingoja na William Jones. Huyu alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kulelewa Bara Hindi, na Askofu alikuwa amempa ushemasi miezi michache tu kabla. Alipokuwa na hakika ya habari, aliwarudisha watu Rabai mwezi Februari 1886 nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina lile la mtoto wa Finehasi, yaani utukufu umeondoka.

Hapo twapenda kusimama kidogo. Tukihubiri juu ya kusamehe wauaji wa Askofu, twasema habari za mtu mmoja. Lakini wale hamsini walikuwa na wake, mama na watoto. Nani aliwauliza wajane wao kama wamesamehe? Majina ya wengi wao hatuyasikii yakisomwa kanisani. Sisi hatuoni kwamba yeyote alikuwa na haki ya kusamehe badala ya wanawake wale.

Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, akakimbilia kusini ya Ziwa. Toka huko alimwandikia Alexander Mackay wa CMS, aliyekuwa Usambiro, akimwomba asiyakumbuke yaliyopita, amsaidie. Mackay huyu alikuwa Buganda vijana wake walipochomwa moto. Wakristo wa Buganda, ambao ndugu zao walikufa Namugongo, walimrudisha Mwanga kitini mwaka 1889, na aliyemvusha kwa mashua na bunduki ni Stokes yule yule wa msafara wa 1882. Tusijidanganye kwamba ulikuwa msamaha mtupu. Siasa ilikuwamo, tena nyingi, kwani walimhitaji Kabaka wao ili wapigane na wapinzani wao. Hata hivyo hakuna aliyemlipa kisasi alipokuwa mikononi mwao bila ngao wala askari.

Tarehe 31 Desemba 1892 mifupa ya Askofu ilizikwa Namirembe, Askofu Tucker akiongoza, na Mwanga alikuwapo. Twajaribu kuwaza alitazama wapi. Baadaye alipigana na Waingereza, akashindwa, akapelekwa Shelisheli, na huko akabatizwa katika Kanisa letu la Kianglikana kwa jina la Danieli. Alifariki mwaka 1903.

Askofu aliacha mjane na watoto. Mmoja wao, Joseph, alisomea ukasisi, akaja Uganda kama mmisionari, na katika kazi yake alimbatiza mwana wa Luba.