Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka: Haki Iliyomgharimu Maisha



Sisi tuliotoka Bungu, huku kwenye milima ya Usambara, tumekua tukiwasikia wazee wakisimulia vita vya Kagera na ukatili wa Idi Amin. Mtu aliyethubutu kumzuia Amin kwa sheria tu, bila bunduki, hatukumsikia sana. Huyo ni Benedicto Kiwanuka, Mganda wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa nchi yake.

Alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka, akalelewa katika imani Katoliki. Tusimchanganye na Askofu Joseph Kiwanuka wa Masaka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa KAR. Baada ya vita alifanya kazi ya ukalimani katika Mahakama Kuu. Mkalimani humsemea mtu asiyejua lugha ya wakubwa, na bila shaka kazi hiyo ilimfundisha jinsi mnyonge anavyojisikia mbele ya hakimu. Akaenda kusoma Lesotho, katika chuo cha Kikatoliki cha Roma, kisha London, na mwaka 1956 akawa wakili.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party, ambacho Wakatoliki wengi walikiunga mkono. Chama chake kilishinda uchaguzi wa 1961, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakudumu. Uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo ulimwondoa, na bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba aliyeshika nchi alikuwa Milton Obote. Mwaka 1969 Kiwanuka alitiwa ndani.

Amin alipompindua Obote, Januari 1971, alimfungulia. Miezi michache baadaye akamteua kuwa Jaji Mkuu. Hapa wengine humlaumu: kwa nini akubali cheo kutoka kwa mtu aliyetwaa nchi kwa mtutu? Nasi tumelijadili swali hili wenyewe kwa wenyewe. Tunaona kwamba mtu hupimwa kwa anavyokitumia cheo, zaidi ya mkono uliompa.

Kipimo chake kilifika Septemba 1972. Wahindi walikuwa wakifukuzwa nchini, na Waingereza walitazamwa kwa jicho baya. Mwingereza mmoja alikamatwa na wanajeshi, akawekwa kizuizini. Shauri lilipofika mbele yake, Kiwanuka aliamuru aachiliwe, akaeleza kwamba wanajeshi hawana mamlaka ya kisheria ya kukamata watu. Mtu yule hakuwa ndugu yake wala wa kabila lake. Alikuwa mgeni ambaye kumtetea hakukuleta faida yoyote, ila hatari.

Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote waliishambulia Uganda kutokea Tanzania, na Amin akazidi kuwaka. Tarehe 21 Septemba watu wake waliingia Mahakama Kuu, Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu kutoka ofisini kwake mchana kweupe. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana hadi leo. Mjane na watoto hawakupewa hata kaburi la kuwekea shada.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Darasani tunaikariri kwa urahisi. Kiwanuka anatuonyesha uzito wa neno lile thabiti. Tangu mwaka 2018 Mahakama ya Uganda humkumbuka kila mwaka kwa mhadhara maalumu.

Nasi hapa jirani yetu Lushoto tuna chuo kinachofundisha mahakimu. Tuwaombee wanaosoma pale, na wazee wetu wa vijijini wanaoamua kesi za mipaka ya mashamba, wasimwangalie mtu usoni. Tujiombee na sisi pia, maana kesho tutakaa kwenye kiti cha maungamo na kwenye vikao vya parokia, na wanyonge watakuja.

Raha ya milele umpe, ee Bwana.