Nahodha Joshua Slocum na Chombo Kikuukuu

Joshua Slocum alizaliwa tarehe 20 Februari 1844 katika Nova Scotia, jimbo la Kanada ambalo karibu pande zote limezungukwa na bahari. Baba yake alikuwa mshona viatu, naye alimtoa mtoto shuleni alipopata umri wa miaka kumi, akamweka kitako amsaidie kazi. Lakini moyo wa kijana ulikuwa baharini. Siku moja baba alimkuta akichonga kwa siri mfano wa merikebu, akaukamata, akauvunja vipande vipande. Tendo lile halikumfanya kijana apende viatu. Alitoroka akawa mpishi katika chombo cha wavuvi, na alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita akaondoka kwao kabisa.

Akapanda cheo baada ya cheo hata akawa nahodha wa merikebu kubwa za matanga. Mkewe, Virginia, alisafiri naye, na watoto wao walilelewa humo humo chomboni. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1884 Virginia alifariki katika Buenos Aires. Mwaka 1887 merikebu yake Aquidneck ilipanda fungu pwani ya Brazili ikavunjika, wala haikuwa na bima. Slocum, pamoja na mke wake wa pili na wanawe wawili, alijenga mashua kwa mikono, wakarudi nayo Marekani mwaka 1888. Alifika salama, lakini mali yote ilikuwa imekwisha. Tena siku zile meli za moshi zilikuwa zikichukua kazi ya merikebu za matanga, na nahodha wa matanga mwenye umri wa karibu miaka hamsini hakuitwa na mtu.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1892 rafiki mmoja, Nahodha Eben Pierce, aliyekuwa mwinda nyangumi zamani, alimwambia aende Fairhaven akapewe chombo, ila kinahitaji matengenezo kidogo. Slocum akaenda. Akakikuta chombo kiwanjani, mbali na maji, kimefunikwa turubai, kimekaa hivyo miaka saba. Jina lake Spray. Wazee wa mji hawakujua umri wake, na walipomwona Slocum akikizunguka walidhani amekuja kukivunja.

Mtu mwingine angecheka akarudi kwake. Slocum alikitazama kwa makini. Mbao zilikuwa zimeoza, walakini umbo lilikuwa jema. Urefu wake ulikuwa futi 36 na inchi 9, na upana futi 14 na inchi 2. Upana huo ni mkubwa kwa chombo kifupi namna hiyo, na chombo kipana hakilali upesi upepo unapokisukuma. Mbao mbovu huweza kuondolewa zikawekwa nyingine. Umbo baya halina dawa. Basi akaamua kukijenga upya.

Alikata mwaloni mmoja karibu na hapo, akaufanya mkuku, yaani ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo chote. Mataruma aliyapikia katika mvuke hata yakapindika, na mbao za ubavuni zilikuwa za msonobari wenye unene wa inchi moja na nusu. Wazee waliokuja kutazama walimwonya kuwa pamba aliyokalafatia itachomoka baharini. Haikuchomoka, na chombo kiliposhushwa majini hakikuvuja. Farumi yake ilikuwa saruji, akaifunga imara isisogee wakati wa mawimbi. Kazi ilichukua miezi 13 na fedha dola 553 na senti 62. Kwa kuwa hakuna ubao wa zamani uliobaki, watu walibishana kama kile bado ni chombo kile kile.

Tarehe 24 Aprili 1895 alitweka tanga kutoka Boston, peke yake, naye hakujua kuogelea. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Saa yake nzuri ya baharini ilitaka dola 15 kutengenezwa, akaiacha, akanunua saa ya bati kwa dola moja. Baadaye saa hiyo ilipoteza mshale wa dakika, naye akaichemsha majini, ikaendelea kumwonyesha masaa! Mashua ndogo nzima isingeenea juu ya sitaha, kwa hiyo alikata moja katikati akachukua nusu, nayo ikawa pia beseni la kufulia nguo.

Alikusudia kupita Suez, lakini alipofika Gibraltar alionywa juu ya maharamia, akavuka Atlantiki tena kuelekea Amerika ya Kusini. Karibu na Patagonia aliona wimbi kubwa mno likija. Akakwea kamba za tanga upesi, na maji yakakifunika chombo chote chini yake. Spray ikatetemeka, kisha ikainuka. Katika mlango wa bahari wa Magellan rafiki alimpa misumari midogo ya mazulia. Usiku aliimwaga juu ya sitaha, na watu waliopanda kwa kuvizia miguu mitupu walirukia majini wakipiga kelele. Huko huko aliongeza mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma.

Wema wa umbo lile ulionekana hasa katika Bahari ya Hindi. Slocum alifunga usukani kwa kamba, na chombo kikashika njia chenyewe. Kutoka kaskazini ya Australia mpaka visiwa vya Keeling ni maili 2,700. Alizipita kwa siku 23, na muda wote huo hakushika usukani zaidi ya saa tatu hivi.

Katika Durban alikutana na Stanley, yule aliyemtafuta Livingstone mpaka Ujiji. Stanley alitaka kujua kama chombo kina vyumba vya kuzuia maji kikigonga mwamba. Slocum alimjibu kwamba hakipaswi kugonga.

Alirudi Marekani tarehe 27 Juni 1898, akiwa amesafiri zaidi ya maili 46,000, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga. Kisha akaipeleka Spray Fairhaven, akaifunga kwenye nguzo ile ile iliyofungwa siku iliposhushwa majini. Kitabu cha safari yake kilichapwa mwaka 1900.

Miaka michache baadaye akatweka tena, peke yake, kuelekea kusini. Yeye na Spray hawakuonekana tena. Mwaka 1924 mahakama iliamua kuwa alikufa tangu tarehe 14 Novemba 1909.