Muhammed Said Abdulla: Mtu Aliyetufanya Tumngoje Bwana Msa

Kijana wa Usa River anayengoja sehemu ya 47 ya simulizi kwenye simu yake, huku daladala ikimpeleka Arusha mjini, huenda akadhani kwamba kiu hiyo imeanza na kizazi chake. Haikuanza leo. Kabla yake walikuwapo wasomaji wa Kiswahili, visiwani na bara, waliomngoja mzee mmoja mvuta kiko kwa miaka, si kwa siku. Mzee huyo ni Bwana Msa. Hakuwahi kuishi hapa duniani, lakini wapo wanaomfahamu yeye kuliko wanavyomfahamu aliyemtunga, marehemu Muhammed Said Abdulla.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtunzi huyo. Yanauliza pia swali linalotuhusu sote tunaopenda kusoma: tunapata nini tunapomfuata shujaa mmoja kitabu baada ya kitabu, na tunaweza kupoteza nini?

Bwana Afya wa Unguja

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi inajulikana hadi leo kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Upande huo wa kisiwa ni mahali ambapo imani juu ya mizimu, mapango na miti ya matambiko imeishi kwa muda mrefu bega kwa bega na dini ya Kiislamu. Mzaliwa wa huko hakuhitaji vitabu ili ajue watu wanavyonong'ona pale mtu anapokufa ghafla.

Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa katika Idara ya Afya kama mkaguzi. Kwa lugha yetu ya mitaani tungesema alikuwa Bwana Afya. Tuitazame kazi hiyo kidogo, kwa sababu inatusaidia kumwelewa. Bwana Afya huingia katika nyua za watu. Hukagua visima, vyoo na mitaro. Huuliza maswali ambayo wenye nyumba hawapendi kuulizwa, kisha huandika taarifa. Akisikia kwamba watoto wa mtaa fulani wanaharisha, haridhiki na maneno ya majirani, bali huenda kuangalia maji. Kazi hiyo humzoeza mtu kuamini kwamba jambo lina chanzo, na kwamba chanzo hutafutwa kwa miguu na kwa macho.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua historia ya Zanzibar atashangaa kidogo hapa. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa African Association. Kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga mbele, siasa za visiwani zilizidi kuwa kali, na magazeti yalikuwa moja ya silaha zake. Mtu aliyekaa katika meza za pande zote mbili alisikia jambo lilelile likisimuliwa kwa namna mbili zisizopatana. Kwa mwandishi wa riwaya za upelelezi, sijui kama kuna shule iliyo bora kuliko hiyo.

Mwaka 1958 alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, akalitumikia hadi alipostaafu mwaka 1968.

Bwana Msa anazaliwa

Mwaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau iliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Abdulla alipeleka hadithi aliyoiita Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda zawadi ya kwanza. Bureau hiyo ikaichapisha kama kitabu mwaka 1960.

Wakati huo msomaji wa Kiswahili alikuwa tayari ameonja visa vya kusisimua, ila vingi vilikuwa tafsiri. Alisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vitabu ambavyo mashujaa wake ni Waingereza. Sasa akaletewa shujaa anayeishi Unguja, anayezungumza Kiswahili cha Unguja chenye mizaha na mafumbo, na anayejua nani ni shemeji wa nani. Huyo ndiye Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum.

Abdulla hakuficha alikochota. Bwana Msa ni ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes, mpelelezi aliyetungwa na Arthur Conan Doyle, na Najum ni Watson wake. Lakini kiini cha kitabu ni cha nyumbani. Maiti inaonekana kwenye mzimu, na watu wanakuwa tayari kuamini kwamba wenye mzimu wamekasirika. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alinufaika, nani anasema uongo, na mwishowe anaonyesha kwamba aliyeua ni binadamu.

Sisi wa bara tuna usemi wetu katika mambo kama haya. Mtu akifa kijana, au biashara ikifilisika, husemwa chini chini kwamba hapo pana mkono wa mtu, na kila anayesikia anaelewa kuwa unaozungumzwa ni uchawi. Bwana Msa anauchukua usemi huo kama ulivyo. Ndiyo, upo mkono wa mtu, basi tuutafute: una vidole, una jina, na jana jioni ulikuwa mahali fulani. Katika kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, mwandishi alichagua jina lililowatia watu wa Zanzibar baridi mwilini, kwa maana Giningi katika masimulizi yao ni makao ya wachawi. Hapo tena, mpelelezi wetu hakuja kuogopa.

Wasomaji wa jarida hili wanaomjua Padre Brown wa G. K. Chesterton watauona undugu. Padre huyo wa hadithi, aliyetokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1911, naye huwa wa mwisho kukubali kwamba kuna mzimu na wa kwanza kukubali kwamba kuna dhambi. Mwislamu wa Unguja na Mwingereza aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922 hawakukutana kamwe, ila wote wawili waliamini kwamba kutumia akili si kuikana imani.

Utamu wa kumrudia mtu unayemjua

Riwaya za Bwana Msa ni sita: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Ziangalie tarehe hizo. Kati ya cha kwanza na cha pili imepita miaka 8. Kisha, baada ya mwandishi kustaafu, vinakuja vitatu katika kipindi cha miaka minne. Halafu kimya cha miaka 8 mingine kabla ya cha mwisho. Aliyekuwa darasa la tano kitabu cha kwanza kilipotoka alikuwa mzazi kitabu cha sita kilipofika.

Kwa nini watu hungoja hivyo? Jibu la kwanza ni urafiki. Kila kitabu kipya hutuomba tuanze upya: tujifunze majina, tukisie tabia, tuamue nani wa kuaminiwa. Mfululizo hutupunguzia kazi hiyo. Ukifungua ukurasa wa kwanza na Bwana Msa akawasha kiko, umeshakaa barazani kwake. Jibu la pili ni ukuaji wa msomaji. Wengi wamejifunza kusoma kitabu kizima kwa sababu tu walitaka kujua shujaa wao atatokaje safari hii. Mfululizo huvuta miguu mizito. Jibu la tatu ni lugha. Kiswahili cha Abdulla ni kigumu kidogo kwa mtu wa Meru aliyezoea Kiswahili cha shuleni. Lakini kufika kitabu cha tatu, maneno yaliyokukwaza katika cha kwanza yamekuwa yako. Ni vigumu kitabu kimoja peke yake kufanya hivyo.

Wengine walipita njia hiyo baada yake. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, akaendelea naye kwa vitabu kadhaa. Willy Gamba ni jasusi mwenye bastola, tofauti kabisa na Bwana Msa anayetumia mdomo na masikio, lakini msomaji aliyemfuata alikuwa na kiu ileile.

Mtego ulipo

Kila kinachovuta kinaweza pia kufunga. Doyle mwenyewe, aliyesomeshwa na Wajesuiti huko Stonyhurst, alichoshwa na Holmes hata akamuua mwaka 1893 kwa kumwangusha kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji walikasirika. Baada ya miaka kadhaa ikabidi amfufue, akaendelea kumwandika hadi mwaka 1927. Hapo msomaji alikuwa bwana, na mwandishi mtumishi wake.

Abdulla hakuwa na haraka hiyo, lakini naye hakukwepa gharama. Kadiri mfululizo ulivyosonga, vitendawili vilizidi kujikunja. Uzito ukahama kutoka kwenye mauaji kwenda kwenye siri za ukoo, uzazi na ndoa, na msomaji akahitaji kalamu na karatasi ili afuate nani ni mtoto wa nani. Aliyezoea kushangazwa hutaka mshangao mkubwa zaidi kila mara, na mwandishi hulazimika kuupika.

Kuna gharama nyingine. Vitabu vitano kati ya sita vilitoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyobadili maisha ya kila nyumba ya Unguja. Hata hivyo, msomaji anayetafuta tetemeko hilo ndani ya visa hataliona likiwa kiini chake. Unguja ya Bwana Msa inabaki kama ilivyokuwa. Shujaa asiyezeeka huhitaji mji usiozeeka, na msomaji anayekaa mno katika mji huo anaweza kusahau kuuliza mji wake mwenyewe umefikia wapi.

Lakini mtego ulio mkubwa ni ule usioonekana. Msomaji akishamwamini shujaa, huacha kufikiri. Anaona ushahidi ukipita mbele yake, naye haukamati, maana anajua Bwana Msa ataukamata. Anafika sura ya mwisho akiwa ametumia siku tatu na hakutumia akili yake hata saa moja. Kitabu kilichoandikwa ili kumfundisha mtu asikubali uvumi kimegeuka blanketi la kulalia.

Hili si jambo dogo kwetu. Mseminari anayesoma makala haya, kesho ataketi msibani katika kijiji kimojawapo cha mteremko wa Meru, na mtu atamwegemea sikioni na kumtajia jina la bibi kizee fulani. Saa hiyo hakuna Bwana Msa. Yupo yeye, na mazoea aliyojijengea: ama ya kuuliza, ama ya kungoja mwingine aulize. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya minong'ono ya namna hiyo, na watu waliokuwapo hawakuuliza kitu.

Kitabu cha mwisho

Tunapofika mwaka 1984, Abdulla ana umri wa miaka 66. Kitabu anachotoa anakiita Kosa la Bwana Msa. Hata kabla hujakifungua, jina lenyewe lina kazi. Mtu tuliyezoea kumwona akifichua makosa ya wengine, sasa neno kosa limebandikwa kwenye jina lake. Waandishi wengi wa mfululizo humlinda shujaa wao hadi mwisho kama mtu anavyolinda mtaji. Abdulla alikubali jina la shujaa wake litoke hadharani likiwa na doa, na baada ya hapo hakuna kitabu kingine.

Muhammed Said Abdulla alifariki Machi 1991, akikaribia kutimiza miaka 73. Aliacha riwaya sita ndani ya miaka 24, nyingi kati yake zikiwa kazi ya uzee wake.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, na afuate mpangilio wa miaka. Akikaribia mwisho, pale Bwana Msa anapokusanya watu ili aeleze, afunge kitabu. Achukue karatasi aandike: nani alifanya, kwa nini, na nimejuaje. Kisha ndipo aendelee kusoma. Na baina ya kitabu kimoja na kingine asome cha mtu mwingine kabisa, japo kimoja, ili akirudi barazani kwa Bwana Msa arudi na jambo la kumbishia.