Askofu Maples na Maji

Sisi wa Newala twaijua thamani ya ndoo moja ya maji, lakini kuogelea hatukujui. Likizo moja nilishuka Mikindani na wenzangu, penye ghuba tulivu. Niliingia baharini na shati na suruali. Zilipolowa zikawa nzito kama mzigo, wala sikuthubutu kupita maji ya kifuani. Hapo ndipo nilipomkumbuka Chauncy Maples.

Maples alizaliwa Uingereza mwaka 1852. Alifika Masasi mwaka 1877, kijana wa miaka 25, kufanya kazi ya U.M.C.A. katika kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikivamia kijiji hicho, wakaua watu na kuchukua mateka. Baadaye Maples alihamia Newala, juu ya uwanda wetu mkavu, ambako akina mama walishuka mabondeni kuteka maji. Mwaka 1886 akaenda Likoma, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Nyasa. Kweli, alibadilisha makao!

Mwaka 1895 aliwekwa Uingereza kuwa Askofu wa Likoma. Usiku wa tarehe 2 Septemba, alipokuwa njiani kurudi kwa mashua, tufani iliipindua. Kanzu yake ndefu ilimlemea. Mabaharia walitaka kumwokoa, naye akawaamuru wamwache wajiokoe wenyewe. Wao walifika pwani. Joseph Williams, mwenzake wa misheni, alizama pia.

Mwaka 1901 meli iliyopewa jina la Maples ilishushwa katika ziwa lile lile.