Abram Gannibal: Mtumwa Aliyefikia Ujenerali

Mwanzoni mwa karne ya 18, mtoto mtumwa kutoka Afrika alitolewa Istanbul, mji wa Masultani wa Kituruki, akapelekwa Urusi kwa Mfalme Petro Mkuu. Huko akaitwa Abram, ndiyo Ibrahim kwetu. Mfalme alimlea kama mwanawe, na mwaka 1717 akafuatana naye hadi Ufaransa, akamwacha huko asome hesabu na ujenzi wa ngome. Katika jeshi la Ufaransa alipigana na Wahispania, akajeruhiwa kichwani. Alirejea Urusi mwaka 1723.

Petro alikufa mwaka 1725, na mahasidi wakapata nafasi. Mwaka 1727 Menshikov, aliyeshika hatamu za dola, alimwondosha Abram mji mkuu, akamtupa Siberia karibu na mpaka wa China. Hapo alikuwa amepoteza mlezi, cheo na marafiki. Elimu yake haikuweza kunyang'anywa.

Mwaka 1741 Elizabeth, binti Petro, alishika utawala. Abram akapewa ukuu wa ngome ya Reval, Tallinn ya leo, na mwaka 1759 akawa jenerali kamili. Alifariki mwaka 1781.

Nasi tupendao mashairi tukumbuke kwamba Pushkin, malenga mkuu wa Warusi, ni kitukuu cha mtumwa huyo.