Frans Hals, mchoraji wa matajiri aliyekufa maskini

Ukiingia nyumba ya tajiri wa Haarlem, Uholanzi, miaka ya 1630, anayekutazama kutoka ukutani ni mwenye nyumba mwenyewe, ndani ya fremu. Kamera haikuwepo. Picha ilichorwa kwa mkono na kulipiwa, na mji ule ulikuwa na fundi wake, Frans Hals.

Alizaliwa Antwerp karibu mwaka 1582, baba yake mfanyakazi wa nguo. Wahispania walipoiteka Antwerp mwaka 1585, familia ilihamia Haarlem, na huko alikaa maisha yake yote.

Mwaka 1616 alichora maofisa wa wanamgambo wakiwa karamuni. Kila mtu kakaa kwa cheo chake, kanali mahali pa heshima, watumishi nyuma. Wengi hudhani zile nguo nyeusi za Waholanzi ni unyenyekevu. Wapi! Nyeusi iliyokolea ilikuwa ghali kuitia kwenye kitambaa, na kola nyeupe pana kama jiwe la kusagia ilitaka kitani bora, wanga, na mtu wa kuifua. Sisi tunaovaa kanzu tunajua, haijinyooshi yenyewe.

Mtoto Catharina Hooft alichorwa na yaya wake, yeye kavaa lesi na nguo za thamani kama mama mtu mzima. Jina la mtoto tunalo. La yaya hatunalo.

Picha iliyonikaa zaidi moyoni iko Madrid, aliichora miaka ya 1640. Mume na mke wameshikana mikono, watoto wao wako nao, na nyuma yao kasimama kijana mweusi. Waholanzi walikuwa wameshaiteka ngome ya Elmina, Afrika Magharibi, mwaka 1637, wakifanya biashara ya watumwa. Kumweka kijana yule pichani ilikuwa kutangaza mali ya mbali. Na tusiwacheke. Nimeona kwenye harusi zetu, watu wote wamepangwa, halafu yaya aliyembeba mtoto anaambiwa asogee kando asiingie kwenye picha.

Hals aliwachora pia waliotupwa. Yuko Malle Babbe, mwanamke aliyeitwa kichaa, anacheka na bundi begani. Kumbukumbu za mji zinaonyesha alifungiwa katika nyumba ya kurekebisha tabia, na humo humo alifungiwa Pieter, mtoto wa Hals mwenyewe, aliyekuwa na ulemavu wa akili. Picha ya Babbe ipo. Ya Pieter siijui.

Fedha hazikumkalia. Mwaka 1654 mwoka mikate aliyemdai alichukua magodoro, kabati, meza na picha 5. Mwaka 1664, mzee wa miaka themanini na kitu, mji ulimpa posho ya gilda 200 kwa mwaka na shehena 3 za udongo mkavu wa kinamasi wa kuwashia moto. Wakati huo huo akawachora wasimamizi wa nyumba ya wazee maskini, wanaume picha yao, wanawake yao. Wamekaa kwa nguo nyeusi na kola nyeupe. Wazee wenyewe waliokuwa wakilishwa pale hawamo hata mmoja.

Alifariki 1666, akazikwa kanisa kuu la Haarlem. Nyumba ile ya wazee leo ni jumba la makumbusho lenye jina lake, na wasimamizi bado wamo ukutani.