Hayati Makhan Singh, Mwana wa Kenya

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1913, kijijini Gharjakh, Punjab. Baba yake, fundi seremala, alitangulia kuja Kenya kufanya kazi ya reli, na mwaka 1927 kijana akamfuata Nairobi. Siku zile kila rangi ilikuwa na shule yake. Yeye alisoma katika shule ya Wahindi, akafaulu mtihani wa Matrikulesheni wa London mwaka 1931, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Chini ya uongozi wake, mlango wa chama ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Alitambua kwamba matajiri walilipa rangi tatu mishahara ya namna tatu, hivyo rangi moja ikigoma, nyingine yaweza kuitwa kushika nafasi yake. Mwaka 1937 mafundi waligoma kwa muda wa miezi miwili, wakaongezewa mishahara.

Aliporejea kutoka safari ndefu ya Bara Hindi mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilijaribu kumfukuza nchini kama mgeni. Hakukubali. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais naye katibu mkuu. Aprili 1950, mkutanoni Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi zetu. Mwezi uliofuata walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh aliwekwa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, miaka zaidi ya kumi na mmoja.

Kenya ilipojitawala mwaka 1963 hakupewa cheo chochote kikubwa. Hakuhama wala hakulalamika. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, iliyotolewa mwaka 1969, akafariki Nairobi mwezi Mei 1973.

Vijana mlioko shuleni, leo mwanafunzi wa kabila hili hukaa dawati moja na wa kabila lile, lakini bado tunaulizana kwetu ni wapi kabla ya kuulizana kazi. Makhan Singh hakuuacha Usingasinga wake, wala kilemba hakikumzuia kufungwa kwa ajili ya Kenya. Tumkumbuke kama mwenyeji, si kama mgeni aliyetusaidia.